Kipande Nisichokishona

Mwaka niliorudi nyumbani Kibosho na digrii ya jiografia, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kushona mablanketi matatu ya viraka. Haikuwa na mshahara. Aliyenipa ni mama yangu, na alinipa kwa sababu nilikuwa nimekaa barazani miezi saba nikisubiri majibu ya barua za maombi, hadi majirani wakaacha kuniuliza nimepangiwa wapi. Zamani aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na serikali hata kabla hajalirudisha joho. Sisi tuliambiwa ajira zimesimama, soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Mimi sikujua mtu anajitafutia wapi. Nilichojua ni kushona, kwa kuwa marehemu baba alikuwa fundi kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja Moshi mjini, na alituachia cherehani ya mguu.

Mama alikuwa kiongozi wa kina mama wa jumuiya yetu. Kwaresima ile walikubaliana wafanye tendo la huruma kwa wanaume watatu wa kijiji waliopigana vita vya Kagera. Wawili walikuwa na wake na watoto wakubwa. Wa tatu, ambaye kila mtu alimwita Afande, aliishi peke yake juu kabisa, karibu na msitu, katika nyumba ya mbao iliyopitisha upepo kila upande. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole vitatu. Mwezi wa saba baridi ya kule huingia kwenye mifupa, na huko vitani alikuwa ameambukizwa kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Kina mama hawakuwa na uwezo wa kununua mablanketi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wengine walishaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Kwa hiyo walikubaliana kila nyumba itoe kitambaa: khanga iliyochakaa, sketi, gauni la mtumba lililogoma kumkaa mtu. Mimi nilitumwa mjini kwa mafundi wenzake baba kuomba mabaki. Nilirudi na gunia zima la vipande: vitenge, tetroni za suruali, kaki za kaptula za shule. Ndani ya kila blanketi la viraka tungeweka blanketi kuukuu, na mgongoni shuka la marekani.

Tulifanyia kazi hiyo nyumbani kwetu, Jumanne na Alhamisi mchana. Kina mama walikata vipande kwa kufuata kadibodi niliyowatengenezea, mraba wa shubiri moja, wakapiga bandi kwa mkono, nami nikapitisha mashineni. Walinicheka tangu siku ya kwanza.

"Ee msomi," alisema jirani yetu mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, "kule chuo walikufundisha miaka mitatu kutunga uzi kwenye sindano?"

"Minne," mama alisahihisha.

"Minne! Basi wa nne ulikuwa wa kufunga fundo."

"Mwacheni," mwingine akasema. "Huyu atakayeolewa naye atakula raha. Nguo atashonewa, na ramani ya kwenda sokoni atachorewa."

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nikihesabu kila neno. Ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimu kwa sauti ya chini nakaa siku nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Nikaamua kwamba kama ni lazima mwenye digrii ashone viraka, basi viraka hivyo vitakuwa na akili. Nilichukua karatasi ya grafu niliyobaki nayo toka chuoni, nikachora kila blanketi. Vipande vyeupe na vyeusi vipishane kwa mshazari, vyekundu vizunguke pembeni kama pindo la khanga. Nilitia namba kila kisanduku. Kina mama waliitazama ile karatasi, wakaniambia ni nzuri, wakaendelea kukata kama walivyokuwa wakikata.

Juma la tatu alikuja mama mmoja ambaye hakuwa akija. Aliishi juu ya mfereji, hatua chache kutoka kwetu, mjane mwembamba, mpole, asiyekaa kwenye vikundi. Tulimwita mama wa juu. Alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki, akakataa kuketi. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati moja la kiume, la kahawia, lililopauka likawa rangi ya chai ya maziwa. Lilikuwa limekunjwa kwa muda mrefu hata mikunjo ilikuwa myeupe.

"Hili liwekwe kwenye la Afande," alisema. "Lote. Lisibaki hata kola."

Mama yangu alilipokea kwa mikono miwili. Mgeni alipoondoka aliniwekea lile shati kwenye meza ya cherehani na kuniambia, "Hili lisikose." Kisha akaenda kuchochea moto wa mtori wa ndizi. Hakueleza, nami sikuuliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshalitazama shati na kuona kwamba halifai.

Lilikuwa limeoza. Nilipoliwekea kadibodi na kupitisha mkasi, mgongo wake ulichanika kabla mkasi haujafika. Nilipata vipande vinne tu vya kushikika. Nilijaribu kimoja mashineni, sindano ikakitoboa kama karatasi ya sigara na mshono ukafumuka wenyewe. Tena rangi yake haikuwa nyeupe wala nyeusi. Kwenye grafu yangu haikuwa na kisanduku.

Nilikaa nikafikiri, na kufikiri kwangu siku zote hunipeleka ninakotaka kwenda. Nilijiambia Afande anahitaji joto, hahitaji kumbukumbu za watu. Kipande kikifumuka blanketi zima litaanza kuachia, na atakayelaumiwa ni fundi. Kumpa mgonjwa kitu kilichooza si huruma. Hoja zote zilikuwa sahihi. Mwalimu wangu yeyote angezipa alama. Nikavisukumia vile vipande vinne na mabaki ya shati pembeni ya meza, nikasema nitaona baadaye.

Baadaye haikuja kwa mpangilio. Siku iliyofuata mashine ilikuwa inalia, nikaitia mafuta, na kitambaa kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa kile. Nikafutia. Kesho yake nikafutia pasi. Kufikia mwisho wa juma shati lote lilikuwa matambara meusi yaliyolowa mafuta, na Ijumaa, nilipotaka kuwasha mkaa wa pasi ninyooshe blanketi la Afande lililokwisha, mkaa ulikuwa na unyevu. Nilichukua yale matambara. Yalishika moto haraka sana. Nakumbuka nilifurahi.

Jumamosi mchana mama alirudi kutoka sokoni akanikuta nimeyatandaza mablanketi yote matatu juu ya kamba. Aliyazunguka, akayapapasa. Alifurahi mpaka akanigusa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo.

"Na shati la mama wa juu umeliweka wapi?"

"Lipo," nilisema.

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojibu hodi.

"Mungu akubariki," mama alisema. "Ulijua ni la nani?"

Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo aliponieleza. Mama wa juu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alikwenda Kagera katika kikosi kimoja na Afande, wakiwa vijana wa kijiji kimoja, na hakurudi. Ilikuja barua. Mwili haukuja, wala hakuna aliyejua kaburi liko wapi. Ukoo ulikaa matanga, na siku ya kuyaondoa, nguo za marehemu zikatakiwa zigawiwe kama ilivyo desturi, huyu achukue koti, yule suruali, marehemu akae kwa watu wake. Mama wa juu akakataa. Alisema nguo za mtu aliye safarini hazigawiwi. Wakamsihi, wakamtishia, wakamwita mkaidi. Nyingine ziliharibiwa na panya, nyingine na mvua. Shati lile alilokuwa amelitundika msumarini siku ya kuondoka ndilo lililobaki, na mama yake alikaa nalo miaka kumi na saba.

"Sasa amegawa," mama alisema. "Umeona? Hakumpa baba mdogo wala binamu. Amempa Afande. Ni mwaka huu ndio mtoto wake amekufa."

Mama aliingia ndani kutoa ndizi kwenye kapu. Mimi nilibaki na mablanketi. Ningeweza kumfuata. Ilikuwa hatua sita, mlango ulikuwa wazi, nilimsikia akiimba. Badala yake nilianza kutafuta kwenye blanketi la Afande kipande kinachofanana na shati. Nilikipata karibu na kona, safu ya pili: kaki ya kaptula kuukuu ya shule, ambayo kina mama waliichomeka bila kufuata grafu yangu, imepauka kidogo kwa kufuliwa. Nikakariri mahali pake. Kisha nikaanza kujieleza tena. Niliwaza kwamba blanketi limenyooshwa kwa moto wa lile shati, kwa hiyo kwa namna fulani shati limo, joto lake limo. Wazo hilo lilinipendeza kwa muda kidogo. Ndilo ninalolionea aibu kuliko yote, kuliko hata kulichoma. Kulichoma sikujua.

Jumapili baada ya misa tulipanda kwa Afande, kina mama wakiimba, mablanketi vichwani, wale askari wengine wawili wakiwa wameshafika na kuketi kwenye gogo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeletwa. Afande alikuwa amevaa koti na kunyoa ndevu, na shavuni alikuwa na damu kidogo ya wembe. Mama yangu alipomkabidhi blanketi lake alisimama wima akalipigia saluti, watu wakaangua kicheko na vigelegele.

"Afande, hilo si bendera!" yule jirani mnene alipiga kelele. "Jifunike!"

"Ngoja nilikague kwanza," alijibu. "Jeshini hakuna kupokea kitu bila kukagua."

Akalitandaza kwenye nyasi, akapiga magoti. Hapo mama wa juu, aliyekuwa amesimama nyuma peke yake, akaja mbele. Watu walimpisha. Nadhani wote walijua, isipokuwa mimi niliyekuwa nimejua tangu jana tu.

"Mwanangu," aliniambia, "nionyeshe. Macho yangu hayaoni vizuri."

Sikumtazama. Niliinama nikaweka kidole kwenye kaki ya kaptula ya shule. "Hiki hapa, mama."

Alipiga magoti kando ya Afande. Alikigusa kile kipande kwa ncha za vidole, akapapasa mshono wote, pande nne, taratibu. Akainua kona ya blanketi akatazama upande wa chini, akairudisha. Afande alikuwa akimsubiri.

"Ndicho chake?" alimuuliza.

Mama wa juu aliinua uso akanitazama mimi. Haukuwa uso wa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akamgeukia Afande.

"Ndicho," akasema.

Afande aliinama akaweka paji la uso kwenye kile kipande, akakaa hivyo. Mabega yake yakatikisika. Kina mama wakaanza wimbo kumstahi. Nami niliimba, sauti ya pili, maneno yote.

Baada ya siku hiyo sikuweza kula vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba anajua. Halafu nilikuwa na hakika kwamba hajui, macho yake ni mabovu, alishasema. Nilipita njia ya mfereji mara tatu kwa siku kusikiliza jinsi anavyoitikia shikamoo yangu. "Marahaba" yake ilikuwa ileile. Nilijaribu kuamua kama iko chini kidogo au juu kidogo kuliko ya zamani. Siku ya kumi nikashindwa. Nikakata jani la isale kwenye uzio wa kihamba chetu, shamba la nyumbani, nikalifunga fundo.

Kwetu, aliyekosa akikuletea isale, kosa limekwisha. Huwezi kulikataa. Hata kama ameua, wazee husema, isale likishapokewa huna tena ruhusa ya kinyongo. Lakini huwa haliletwi na mkosaji peke yake. Huja na mtu mzima wa kumsemea. Mimi sikuwa na mtu mzima, kwa sababu ningemchukua yeyote ningelazimika kwanza kumweleza. Nikaenda peke yangu, jani mgongoni.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi mbichi juu ya beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilianza kueleza, na nilieleza vibaya, nikianzia kwenye sindano na kuoza kwa nyuzi, nikapitia mkaa wenye unyevu. Yeye aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye moto kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

"Kwenye mfuko wa kifuani," alisema, "nilimshonea kiraka. Aliuchana kwenye waya wa uzio wa shule. Ndicho nilichokuwa natafuta pale."

"Kwa nini ulisema ndicho?"

"Ulitaka niseme nini? Mtoto wa watu amepiga magoti."

Nikatoa isale nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakuliangalia. Alichukua ndizi nyingine, akaichana ganda kuanzia kichwani.

"Mikono yangu ina utomvu," alisema.

Nilisubiri. Alimaliza ile, akachukua nyingine. Utomvu ulikuwa mweusi hadi kwenye viganja. Beseni lilikuwa na maji, na kitambaa cha kufutia kilikuwa pajani pake. Alimenya mkungu mzima, nami nimesimama na mikono mbele kama mwanafunzi anayesubiri viboko, hadi nilipoelewa kwamba nililokuwa nimemletea si ombi. Nilikuwa nimekuja kumlazimisha. Nilitaka anisamehe kwa desturi ili nipate kulala, naye alikuwa ameshanyang'anywa shati. Sasa nilikuwa namnyang'anya hata hasira yake.

Nikaliteremsha jani.

"Umeshamwambia Afande?" aliuliza.

"Bado. Nitakwenda leo."

"Usiende."

"Lakini mama, ni uongo."

"Ni wako. Usimpelekee yeye. Anasema tangu alipate lile blanketi analala." Alitupa maganda kwenye ndoo. "Wewe una shule. Utapata pa kuuweka."

Alinipa ndizi sita nimpelekee mama. Nikazipokea. Jani nililitupa kwenye mfereji, nikaona haya kulitupa, nikalifuata nikaliokota, na sikumbuki tena nililiweka wapi.

Sikumwambia mama yangu. Nilipata kazi ya muda ya kufundisha sekondari Bomang'ombe, nikawa narudi Kibosho mwisho wa juma. Jumamosi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilimkuta Afande barazani kwetu. Alikuwa amekuja kwa mguu toka kule juu, blanketi limefungwa kwenye nailoni lisilowe.

"Mwalimu," alisema, "mama yako kajitolea kulishona, nimemkatalia. Nimesema nitamsubiri fundi mwenyewe."

Alilifungua mezani. Lilikuwa limetunzwa vizuri, linanuka moshi na dawa ya kikohozi. Palipoharibika ni mahali pamoja. Kile kipande cha kaki kilikuwa kimeanza kuachia upande wa chini, na katikati kilikuwa kimelainika na kung'aa.

"Ni mimi," alisema kwa aibu, akicheka. "Usiku nakishika. Vidole vimeshazoea. Tulipokuwa Kagera yule bwana alikuwa anaongea hadi unamwomba anyamaze, na sasa naongea mimi, yeye ndiye kanyamaza." Aliweka vidole vyake vitatu juu ya kaki. "Kikaze hapa, mwanangu. Kisije kikanitoka."

Mama alikuwa mlangoni, anatutazama, anatabasamu. Kila kitu nilichokuwa nimesoma na kufikiri kilinijia kinywani kwa pamoja. Nikakumbuka niliyoambiwa na mama wa juu, nikavimeza vyote.

Nilivuta kiti, nikatunga uzi wa kahawia, nikaweka kipande chini ya sindano. Afande alisogea akainama karibu na bega langu aone vizuri. Nilikanyaga taratibu. Nilipita pande zote nne, nikarudia mara ya pili, na yeye aliposema inatosha nikapita mara ya tatu. Katika mablanketi yale yote matatu hakuna mshono mwingine ulionyooka kama ule.